Kisima Kilichoanza Kupumua

Kisima kilianza kupumua mwezi wa pili, na wa kwanza kugundua alikuwa dobi, kwa sababu ya soksi.

Alikuwa amefua soksi za wanafunzi wa bweni, jozi sitini na kitu, kamba za kuanikia zikamwishia. Zilizobaki akazitandaza juu ya kifuniko cha bati cha kisima cha uani, kifuniko chenye tundu katikati la kupitishia kamba ya ndoo. Saa nane mchana aliporudi kuzigeuza, akaikuta soksi iliyokuwa juu ya tundu imesimama. Upepo haukuwapo, shuka kwenye kamba zilining'inia kimya bila kutikisika. Lakini soksi ilisimama wima, imejaa, kisigino mahali pake na vidole mahali pake, kama iliyovaliwa na mguu usioonekana.

"Baba," aliita, wala hakupaza sauti. "Hebu njoo. Kisima kinavaa soksi."

Baba yake alikuwa fundi visima, na mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, ulimwita Sikio. Alikuja akiburuza ndara, akaweka kiganja juu ya tundu. Hewa ilikuwa inapanda taratibu, baridi, yenye harufu ya chungu kipya ambacho hakijawahi kutiwa maji. Akasubiri. Haikuongezeka wala haikupungua, kama pumzi ya mtu aliyelala fofofo chumba cha pili.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, mambo yakageuka. Dobi aliirudisha soksi ileile juu ya tundu kwa kutaka kuhakikisha, nayo ikazama polepole, kisigino kwanza, ikaingia. Hawakusikia kishindo cha maji. Wanafunzi wa bweni wakarudishiwa soksi pungufu ya mguu mmoja.

"Kimelala tu," alisema Sikio. "Kilicholala lazima kipumue. Kwani wewe ukilala hupumui?"

"Mimi nikilala sili soksi za watu."

Wakacheka wote wawili, kila mmoja akimtazama mwenzake aone nani atakuwa wa kwanza kuacha.

Katika kazi ya visima kuna maneno matatu ya hali. Kisima kiko macho pale ndoo inaposhuka na kurudi imejaa. Kimelala, maana yake maji yamejivuta chini lakini yatarudi mvua zikirudi. Watu wavumilie, wasitupe takataka ndani, wangoje. Neno la tatu ni kimekufa. Hilo si la kila mdomo. Husemwa na fundi, husemwa mara moja, na likishasemwa hakuna anayetumbukiza tena ndoo pale, hata kwa kujaribu bahati. Zamani wanaume walivua kofia waliposikia. Siku hizi watu wanajua bomba limefungwa au limefunguliwa, basi, kama ng'ombe anavyojua mlango wa zizi. Kwa miaka arobaini na sita ya kazi Sikio alikuwa amelisema neno hilo mara nne tu, na mara zote nne alirudi nyumbani akalala na njaa.

Aliposema kisima cha uani kimelala, alikuwa anadanganya.

Alijua. Kiganja chake kilijua. Kisima chenye maji hakina nafasi ya kupumua, kama vile aliyejaza chakula mdomoni hawezi kupiga mluzi. Lakini dobi, ambaye mumewe alikwenda zake siku nyingi akamwachia watoto wawili, alikuwa ameshatoa kauli yake: mvua za mwaka huu zikipita na kisima hakijaamka, atafunga mizigo ahamie mji wa bwawani, ambako binamu yake anafua kwa mashine. Nguo hazifuliwi kwa mate, alisema. Na dobi akiondoka wajukuu wataondoka, na Sikio atabaki katika nyumba ya vyumba vitatu akisikiliza kuta. Kwa hiyo alisema kimelala. Alisema mwezi wa pili, akasema mwezi wa tatu, akasema na mwezi wa nne mvua zilipokuja.

Kama zile ni za kuitwa mvua. Zamani mvua ilikuwa mgeni wa siku saba. Ilianza na manyunyu, ikakaa, ikazungumza na mapaa bila haraka, na ardhi ikainywa kidogo kidogo kama mgonjwa anavyonyweshwa dawa. Ya mwaka huu ilikuja siku mbili. Siku ya kwanza ilibeba kuku, ngazi na ukuta wa shule; siku ya pili ikamalizia daraja; siku ya tatu palikuwa na vumbi. Maji yote yalipita mtaani mbio, mekundu, yakipiga kelele, na hakuna tone lililopata nafasi ya kuuliza njia ya kwenda chini. Sikio alisimama kizingitini akiyaangalia yanavyopita. Kisha akatema mate.

Maisha yake yeye yanaweza kusimuliwa kwa pima, ule urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Baba yake alipochimba kisima cha uani alipata maji kwenye pima ya sita, na mama yake, mimba ikiwa kubwa, ndiye aliyekunywa kikombe cha kwanza. Mwaka aliooa, Sikio alishuka mwenyewe akakifikisha pima tisa. Dobi alipozaliwa ilikuwa pima kumi na moja. Mkewe alipokuwa anaugua, maji ya kumpoza homa yalitoka pima kumi na nne, na ndoo ilikawia kiasi kwamba kitambaa kilichokuwa kwenye paji la uso kilikauka kabla haijafika juu. Maji yalijitenga na familia ile kwa adabu, hatua moja moja, kama mgeni anayerudi nyuma kuelekea mlangoni huku bado anatabasamu.

Jina la Sikio alilipata ujanani, kwa sababu alilala kifudifudi viwanjani kabla jua halijachomoza, sikio chini, mdomo wazi, mpaka wapita njia wakadhani amelewa. Alidondosha kokoto kisimani akahesabu kwa mapigo ya moyo. Watoto walimwimbia kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, naye akawajibu, "Sasa mlitaka aingie nani, mama zenu?" Hakuna aliyejifunza kazi ile kutoka kwake. Siku hizi huja lori lenye mnara, likatoboa siku moja, likaacha bomba na tope jeupe, na dereva hajui kama alitoboa jiwe au kaburi. Aliyebaki naye ni shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, mtu wa tumbo na mikono minene, mshika kamba. Kwa miaka thelathini Shemeji alikuwa ndiye anayemshusha na kumpandisha, na kwa miaka thelathini hakuacha kumtania.

Mwezi wa tano akaja mwanamke kutoka ofisi ya maji, miwani mikubwa, begi mgongoni, viatu vya buti.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumpima mgonjwa?"

"Nimekuja kupima kina tu."

"Ndiyo hivyo hivyo," alisema Shemeji, aliyekuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Mgonjwa wetu amekula soksi, choo hajapata mpaka leo."

Mwanamke alicheka, akatoa utepe mrefu wenye kidude cha chuma nchani. Kikigusa maji, alisema, hulia. Akauteremsha kupitia tundu la kifuniko. Utepe ulishuka, ukashuka, vidole vyake vikiuachia bila haraka. Dobi alikuwa kwenye beseni lake ng'ambo ya uani, akisuuza nguo kwa maji ya boza, lile lori linalouza maji mtaani, yaliyokwisha kuwa kama maziwa. Aliacha mikono ndani ya povu, akiutazama utepe. Utepe ukalegea. Ulikuwa umefika chini. Kidude hakikulia.

Mwanamke aliandika tarakimu kwenye daftari. Kisha akauliza, kama anayeuliza jambo dogo, "Kinavuta hewa asubuhi, mchana kinaitoa, sivyo?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Vyote vinafanya hivyo. Nimepima thelathini na moja upande huu wa mji." Akachuchumaa, akaokota mchanga, akaushika kiganjani. "Hewa ina uzito, mzee, na uzito wake unapanda na kushuka kila siku. Zamani huko chini kulijaa maji, kwa hiyo hewa haikuwa na pa kuingia. Mchanga una vitundu. Kila kitundu kilikuwa na maji yake. Sasa ni vitupu. Asubuhi ardhi inavuta, mchana inatoa."

"Ardhi ya kisima hiki."

"Yote, baba. Mtaa huu, stendi, shule, hospitali. Ni kama mji mzima umekaa juu ya kifua cha mtu."

Shemeji alinyanyua miguu yake kutoka chini, akazitazama nyayo, akairudisha miguu taratibu. "Wenzetu husema maji yamewafika shingoni," alisema. "Sisi hata kwenye kifundo hayajafika na bado tunazama."

Hakuna aliyecheka. Sikio aliuliza lile lililomleta karibu na yule mwanamke tangu mwanzo. "Na miaka inayokuja?"

Mwanamke alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi. Bila miwani alionekana mdogo, na mchovu. "Kusema kweli hatujui yote. Dunia inapata joto. Mvua huenda isipungue hata, ila itakuja kwa mkupuo mmoja, na mvua ya mkupuo haizami. Joto nalo linakausha udongo wa juu, kwa hiyo hata ile kidogo inaishia njiani. Tena watu wanaongezeka na pampu zinavuta. Wajukuu zako wakifika umri wangu, sidhani kama upande huu kutakuwa na kisima hata kimoja cha kuteka kwa kamba. Natamani niwe nimekosea."

"Tukiongeza pima mbili?"

"Usishuke, mzee."

"Nimeuliza tukiongeza pima mbili."

"Ile hewa inayotoka mchana si ya kupumua. Imekaa huko chini, uhai umeisha ndani yake. Usishuke, baba, nakuomba."

Alikunja utepe wake akaaga. Hakusema kimekufa, halikuwa neno lake, na pengine hakulijua. Alipotoka langoni, dobi alikuja akijifuta mikono kwenye kanga.

"Amesemaje?"

Sikio alimtazama binti yake, uso uleule wa mama yake, hata ule mkunjo wa mashaka kati ya nyusi. "Kasema pima mbili tu. Tukiongeza pima mbili tunayapata."

Shemeji aliangalia mbali.

Ndivyo uongo ulivyo. Ukiuzaa lazima uulee, na huu wa Sikio ulitaka achimbe.

Kwa wiki mbili aliondoa kifuniko akashuka kila asubuhi, kisima kikiwa kinavuta. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake: asubuhi kisima kinavuta hewa safi ya uani, kwa hiyo anayekuwa ndani anavuta pamoja nacho; saa sita ikifika, kabla hakijageuka, awe ameshapanda. Kwanza aliteremsha taa ya mafuta, kama baba yake alivyomfundisha. Ikiwaka vizuri anafuata. Huko chini aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona katika umri wake wote: ulimi wa moto haukusimama wima. Uliinama kuelekea ukutani, kila alikoisogeza taa, ukielekeza kwenye mchanga kama kidole. Hewa ilikuwa inapita ndani ya ukuta. Aliweka sikio. Kule ambako zamani alisikia maji yakitiririka mbali, kama watu wanaonong'ona kwenye chumba kilichofungwa, palikuwa na sauti nyingine, nyembamba, isiyokatika. Ilikuwa sauti ya kuvuta.

Hakumwambia mtu.

Siku ya mwisho ilibaki nusu pima. Boza la maji lilichelewa siku ile, na Shemeji, aliyekuwa na zamu ya kupanga foleni kwa ajili ya nyumba zote mbili, alifika saa tano na nusu, jasho likimtiririka, madumu mawili mikononi.

"Kesho, shemeji," alisema. "Muda umekwenda."

"Nusu pima. Hata mate hutameza mara tatu."

"Wewe kichwa kigumu. Dada yangu aliolewa na jiwe."

"Na wewe unalishikia kamba. Teremsha."

Maneno ya kamba nayo ni matatu, yamekaa hivyo tangu enzi za baba yake, mafupi kwa sababu kisima hupotosha maneno marefu. Juu, maana yake vuta. Basi, maana yake simama. Na karibu, maana yake nimekaribia, legeza polepole. Hakuna mengine. Mshika kamba haoni kitu. Anatii neno, kama kipofu anavyotii mkono.

Taa iliwaka. Sikio akakaa kwenye ubao wake, mkanda kiunoni, akashuka. Alichimba akiwa amepiga magoti, akijaza ndoo, na ndoo ikipanda na kurudi. Mchanga ulikuwa mweupe sasa, laini, na jambo la ajabu, ulikuwa na joto. Wakati fulani taa ikazimika. Akadhani mafuta yameisha. Aliendelea kwa kupapasa, mwanga wa mdomo wa kisima ukiwa juu kama sarafu, na hakushangaa kwa nini kazi haimchoshi, kwa nini mikono imekuwa miepesi. Alijaza ndoo moja zaidi. Kisha akajua amechoka, akapanda kwenye ubao, akajifunga mkanda ili aseme juu.

Hapo ndipo aliposikia mtu anabisha.

"Hodi."

Haikutoka juu. Ilitoka ukutani, kwa upande ambao hakuna kitu ila ardhi. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole, ya mtu aliyelelewa vizuri asiyetaka kusumbua. Na Sikio hakuwa tena kisimani. Alikuwa kwenye kiti chake chumbani, mchana, miguu imenyooshwa, na mlangoni kuna mgeni. Mgeni haachwi nje.

"Karibu," alisema.

Yaliyotokea juu aliyajua baadaye. Shemeji alisikia karibu, akafanya kama alivyofanya kwa miaka thelathini: akalegeza kamba. Ubao ukashuka mkono mmoja, Sikio akakaa chini kabisa, mahali ambapo hewa mbaya hukusanyika kama maji.

"Hodi."

"Karibu."

Shemeji akalegeza tena. Alishangaa kidogo. Fundi alikuwa ameshafika chini, sasa anakaribia nini? Lakini akafikiri huenda ameona unyevu, na moyo ukamruka. "Amepata!" alimwambia dobi, aliyekuwa anapita na kapu la nguo. "Mjomba wako hadanganyi, baba yako amepata!"

Dobi aliweka kapu chini. Akainama juu ya mdomo wa kisima. Hewa ilimpiga usoni, baridi, ikipanda. Ilikuwa saa saba na robo. Na kutoka humo, kwa utulivu, kwa sauti ambayo baba yake huitumia kwa watu anaowaheshimu, akasikia:

"Karibu. Karibu ndani."

Hakuna fundi duniani anayesema karibu ndani.

"Mjomba, vuta!" alipiga kelele. "Vuta! Anakaribisha mtu!"

"Nani?"

"Vuta!"

Walivuta wote wawili, roda ya kupitishia kamba ikilia, dobi akiwa ameshika kamba nyuma ya mjomba wake, miguu wameikanyagia kwenye mawe ya ukingo. Ilikuwa pima kumi na sita kasoro kidogo, na Shemeji aliapa baadaye kwamba pima tatu za kwanza zilikuwa nzito kuliko uzito wa mtu mmoja. Labda kiuno cha Sikio kilikuwa kimezama mchangani. Labda ni hofu. Aliyemfungua mkanda ni dobi. Midomo ilikuwa na rangi ya wino. Walimlaza juu ya shuka za nyumba ya wageni zilizokuwa ndani ya kapu, wakampepea kwa mfuniko wa sufuria, dobi akimpiga mashavuni na kumwita kwa jina la baba, jina la mzee, na hatimaye, kwa kukosa lingine, Sikio, kama watoto wa mtaani.

Alifumbua macho. Akaangalia huku na huku.

"Ameingia?"

"Nani, baba?"

"Aliyekuwa anabisha. Mlimwacha amesimama."

Dobi na mjomba wake walitazamana. "Hakuna aliyebisha," alisema Shemeji polepole. "Ulikuwa unasema peke yako."

"Ni mwanamke. Nilimuuliza yuko na nani." Sikio alilamba midomo. "Akasema, tuko wengi."

Shemeji aliondoka pale akaenda kusimama juani. Huko ukingoni ndoo ya mwisho ilikuwa bado inaning'inia kwenye kamba yake. Akaivuta kwa kukosa la kufanya, akaileta, akaimwaga miguuni kwa fundi. Mchanga ulitoka kwa sauti kama ya mchele unapomiminwa kwenye ungo. Haukushikamana. Ulitoa vumbi.

Kelele zilikuwa zimeshatoka nje ya ua, na habari hutangulia wenye miguu. Amepata, ndilo neno lililopita mtaani, kwa sababu ndilo Shemeji alilolisema kwa sauti. Langoni walikuwa wamesimama wanawake tisa au kumi, na wanaume wawili, kila mmoja na ndoo au dumu. Mmoja alikuwa ameshamwaga maji ya boza ili kupata chombo kitupu. Walimwona mzee amelazwa juu ya shuka, na chungu ya mchanga mweupe mbele yake, wakasimama.

Dobi alipiga magoti mbele ya baba yake. Hakuwa analia.

"Niambie, baba. Kimelala?"

Angeweza kusema ndiyo. Wangeamini, walikuwa wamemwamini miezi minne, na wamekuja mbio na ndoo kumwamini tena. Mwezi mwingine, na mwingine. Aliwatazama wale wa langoni. Kisha akamtazama mtoto wake, na mikono yake iliyochubuka kwa kufua na maji yasiyotosha.

"Kimekufa," alisema.

Hakuna aliyevua kofia. Hakuna aliyekuwa nayo. Mwanamke wa mbele aligeuza ndoo yake mdomo chini, wengine nao wakageuza, wakaondoka bila kuaga.

"Tangu lini?" aliuliza dobi.

"Siku ya soksi."

Dobi alikung'uta mchanga kwenye kanga yake. "Yule mwanamke wa ofisi hakusema pima mbili."

"Hakusema."

"Watoto wameoga maji ya povu miezi minne, baba. Mdogo ana upele mpaka kichwani. Nilikuwa nawaambia wavumilie, babu anajua." Alisimama, akaanza kuzikusanya shuka kutoka chini ya mgongo wake, moja moja, akimwinua kwa mkono mmoja kama anavyoinuliwa mgonjwa, wala si kwa ukali. "Ungeniambia, ningekuchukua mwezi wa pili. Ulidhani nakwenda peke yangu?"

Hilo Sikio hakuwa amelifikiria. Ndani ya miaka sitini na minane ya kusikiliza, hakuwahi kumuuliza.

Jumamosi dobi aliondoka na watoto, mabeseni, pasi mbili za mkaa. Shemeji alikwenda nao. Alisema hawezi tena kulala kwenye godoro lililo chini, amekuwa akisikia godoro linapanda na kushuka. Sikio aliomba siku tatu. Kisima kilichokufa hakiachwi wazi, hilo halina mjadala.

Alitandika mabati na nondo, akakoroga zege kwa maji ya dumu la mwisho, akamimina asubuhi na kulisawazisha kwa mwiko likawa laini kama uso wa meza. Saa sita ikapita. Saa saba zege likavimba katikati. Uvimbe ulipanda polepole, wa duara, ukatulia, ukapasuka, ukaacha shimo la ukubwa wa kidole linalopuliza. Akaliziba. Likavimba kando. Akaliziba na hapo. Alikaa juani mpaka saa kumi akizunguka ukingo kwa magoti, akiziba, na kila alipoziba pengine palifunguka, bila hasira, kama mtu anayejua ana muda kuliko wewe. Mwishowe akachukua kipande cha bomba, akakichomeka katikati, akakiacha. Zege likatulia papo hapo. Bomba likaanza kupuliza noti moja, ya chini, isiyo na mwisho.

Alibeba mfuko wake akatoka. Mtaa ulikuwa na nyumba chache zenye milango wazi, na mahali ambapo palikuwa na visima vingine alisikia, huku na kule, noti hiyohiyo. Hakuziba masikio. Lori la mizigo la kwenda bwawani lilikuwa linamsubiri njia panda, injini inanguruma, kondakta ameshika mlango.

"Twende, mzee, panda. Kuna mwingine anakuja nyuma yako?"

Sikio alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi. Aligeuka akatazama barabara tupu, vumbi jekundu, malango yaliyofungwa. Alitazama muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji.

"Funga mlango," alisema.